Sanda ya Bibi Yako

Mwanangu Tausi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: saa hizi umekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha bibi yako, umemshika mkono, na chai uliyompelekea imepoa kwa sababu amekwambia maiti hanywi chai. Yangu utaijua kadiri utakavyosoma. Nimefunga cherehani mapema leo. Alikuja bwana mmoja kuchukua kaptula zake, nikamwambia arudi keshokutwa, akanitolea maneno mawili matatu kuhusu mafundi waongo, akaenda zake. Nilimwona ana haki.

Sitakuandikia habari ya kufunga sanduku, wala ya wezi wa stesheni, wala ule nini njiani. Hayo Bi Chiku amekuimbia wiki nzima, na ninavyomjua mpangaji mwenzetu huyo, atakuimbia tena kesho asubuhi mpaka mlangoni. Mimi nina maneno mengine, nimeyabeba miaka kumi na mmoja. Kwa mdomo siwezi. Umeniona mwenyewe, nikitaka kusema jambo zito naanza kutafuta mkasi ambao nimeushika mkononi. Kwa hiyo naandika, na barua hii nitaiweka chini ya gauni lako jipya, uikute alfajiri wakati wa kuvaa. Kama utavaa.

Maana jana uliniambia huendi. Ulirudi kutoka kumuaga bibi yako, hukuvua hata baibui, ukapiga magoti mbele ya sanduku lako la bati ukaanza kutoa nguo moja moja. Nikakuuliza, "Vipi tena?" Ukasema, "Baba, siendi Tabora. Bibi ametandika sanda, amelala juu yake. Anasema nikiondoka bila radhi yake, huo ualimu nitausomea kaburini kwake." Nikaanza kutafuta mkasi. Wewe ukadhani nimeshtuka. Sikushtuka, mwanangu. Niliona aibu, kwa sababu ile sanda naijua kuliko ninavyoijua sura yangu, na bado nilikuacha uende peke yako ukaikute.

Basi sikiliza habari zake. Babu yako alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Bafta iliyonunuliwa kwa sanda yake ilizidi, watu wakataka ile iliyobaki itolewe sadaka. Mama akaichukua, akaikunja, akaitia kafuri, akaifungia sandukuni. Akasema, "Hii yangu." Majirani wakamsifu kwamba ni mcha Mungu, anakumbuka kifo. Huenda siku ile ndivyo alivyokuwa kweli.

Miaka minne baadaye nilikuwa namaliza kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa Mtaa wa Kongo. Fundi yule alitaka kufungua duka Tanga, akanichagua mimi niende kulisimamia. Mimi, kijana wa miaka ishirini, ambaye nilikuwa sijavuka hata maji ya Kigamboni! Mama alipopata habari alifurahi, akapika pilau, akatangaza mtaa mzima. Siku moja kabla ya safari nikaingia chumbani kwake kuomba radhi, kama desturi. Nikamkuta amelala chali juu ya bafta, mikono ameinyoosha ubavuni, macho amefumba. "Nenda, Selemani," akasema. "Ukifika Tanga utaletewa simu ya kifo changu." Nililia pale kama mtoto mdogo. Nikaapa siendi. Akafumbua macho, akainuka, akaikunja sanda yake vizuri kabisa, ncha kwa ncha, kisha akaniuliza kama uji wangu nautaka na ndimu au bila ndimu. Magharibi alikuwa barazani anacheka na wenzake. Leo ule uji unanichekesha. Siku ile niliunywa huku nikimshukuru Mungu kwamba mama yangu amepona.

Sitaki umchukie. Barua hii si ya kumsengenya mama yangu kwa mjukuu wake. Wewe unamjua anavyomwiga bwana afya akipita kukagua nyua, anavyoinua pindo la kanga na kuziba pua, mpaka wapangaji wanashika mbavu. Ulipougua surua, ndiye aliyekubeba siku tatu bila kukuweka chini, na mimi niliyekuzaa nilisinzia. Akikupenda anakupenda kweli. Tatizo ni kwamba hapendi kwa kipimo, na hachukii kwa kipimo. Asubuhi wewe ni dhahabu yake, adhuhuri wewe ni nyoka aliyemlea, na katikati hapana kitu. Mtu akichelewa nusu saa, basi amemtupa. Akitoka kwenda sokoni, amemkimbia. Na neno lake la kuunguza, kesho ukimkumbusha, anakutazama kwa mshangao, "Mimi? Nimesema lini?" Miaka mingi nilidhani ananidanganya. Siku hizi nadhani hadanganyi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulimtafutia dawa, usidhani tulikaa tu. Nilimleta mganga kutoka Magomeni, ikapigwa ngoma ya pepo siku saba. Bibi yako alicheza kuliko wote, akatulia wiki moja, ya pili akarudi palepale. Sheikh akamwandikia kombe, akalinywa, akasema sheikh mwenyewe ana mkono mchafu. Mwisho nikaenda kwa rafiki yangu Mbaraka, aliyekuwa dresa hospitali, nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anakunja bendeji. Akasema, "Fundi, mama yako si mwendawazimu. Anajua siku, anajua watu, bei ya nazi anaijua kunishinda. Ndivyo alivyo, basi. Dawa yake hapa hatuna. Sasa wewe acha kumtafutia yeye dawa, jitafutie namna ya kukaa naye." Nilimkasirikia Mbaraka, Mungu amrehemu. Nilitaka chupa, yeye akanipa maneno. Ilinichukua miaka mingi kuyasikia, na wakati huo aliyelipa alikuwa mtu mwingine.

Jambo moja zaidi kuhusu bibi yako. Alinisimulia mara moja tu, anachagua mchele, kana kwamba ni habari ya mtu baki. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimwacha kwa shangazi huko Kisarawe, akamwambia nakwenda kisimani, nakuja. Hakurudi. Niliposikia hayo nilidhani nimepata ufunguo. Sikufungua kitu. Nilipata huruma tu, na huruma ile nikaitumia vibaya, maana kila aliponikosea au kumkosea mwenzangu nilijiambia, maskini, aliachwa kisimani. Nikasahau kwamba na wengine wanaweza kuachwa.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa mkono unakuwa mzito. Nimeshainuka mara mbili kupunguza utambi wa taa ambayo sijaiwasha.

Umelelewa ukiambiwa kwamba mama yako alikukimbia. Bibi yako alikwambia hivyo ukiwa na miaka saba, mbele yangu, mimi nikiwa kwenye cherehani pale barazani. Nakumbuka nilikuwa napinda pindo la kanzu. Nilizidisha kukanyaga ili mlio wa cherehani ufunike maneno. Lakini niliyasikia, na wewe ulinigeukia, ukanitazama, ukingoja baba yako aseme neno. Sikusema. Kanzu ile ilipindwa vibaya, nikaifumua.

Mama yako hakukukimbia, Tausi. Nilimwacha mimi.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja katika nyumba ya mama, Mtaa wa Swahili, mlango wetu unatazamana na wa kwake, ukumbi katikati. Mwanaidi alikuja kutoka Morogoro akiwa msichana mchangamfu, na mama alimpenda kwa pupa. Siku moja anamsuka nywele ukumbini na kumwita binti yangu niliyemuomba kwa Mungu. Siku ya pili anaumwaga wali wake uani mbele za wapangaji, anasema kuna kitu kimetiwa humo. Siku ile mama yako alichuchumaa penye sufuria, akachukua tonge la ule wali uliobaki, akala taratibu huku akimtazama, kisha akachukua la pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, nasubiri yaishe.

Walikaa hivyo miaka minane. Halafu mwaka ule askari wa vita walipokuwa wanarudi makwao, mama yako aliniambia, "Baba Tausi, tuhame. Chumba kimoja tu, hata mtaa wa pili. Tutakuja kumtazama kila siku." Hakuomba zaidi ya hapo. Nami badala ya kutafuta chumba nikaenda kumuuliza mama. Ukitaka kujua baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ni huyo: mwenye mke na mtoto, anamuuliza mama yake kama anaweza kumhama.

Sanda ikatandikwa. Mara hii haikukunjwa siku ile wala iliyofuata. Hali, hanywi, amefumba macho. "Chagua, Selemani. Nikifa yeye yumo humu ndani, nimekufa sina radhi nawe." Majirani wakaja, wakaona sanda, wakanitazama mimi. Unajua mtaa wetu na neno radhi. Mtu anaweza kusamehewa wizi, lakini mtoto aliyekosa radhi ya mama hukwepwa njiani.

Nikafanya kosa la mtu anayejiona mjanja. Nilijua talaka moja haivunji ndoa moja kwa moja. Mke akiwa katika eda, mume anaweza kumrejea bila harusi wala mahari. Nikasema moyoni, nitaandika moja tu, mama atapoa, kabla miezi mitatu haijaisha nitamfuata Mwanaidi kwao nimrudishe. Nikamnong'oneza mama yako kule nyuma ya jiko, nikiona kama nampa siri njema. "Ni karatasi tu. Miezi mitatu." Akasema, "Baba Tausi, hujawahi kumshinda kwa siku tatu, utamshinda kwa miezi mitatu? Andika. Naona ulishaandika zamani."

Alitaka kwenda nawe. Mama akakuingiza chumbani kwake akatia komeo, na ile homa ya kufa haikuonekana tena. Mama yako aliugonga mlango ule mpaka wapangaji wote wakatoka. Wewe ulikuwa ndani, umepewa kashata. Pengine ndiyo sababu mpaka leo huzipendi, na Bi Chiku akikununulia unazigawa. Nilimwambia mama yako, "Mwache kwa muda tu, utamkuta ukirudi." Mimi ndiye niliyesema hivyo. Akaondoka na furushi moja, nikamsindikiza mpaka stesheni, na njia nzima hakulia, aliniuliza tu kama nitakuwa nakufunika usiku.

Mwezi wa kwanza mama alikuwa malaika. "Nyumba imetulia, mwanangu, usituletee fujo." Mwezi wa pili akaugua kweli, homa ya malaria, nikamuuguza. Mwezi wa tatu nikakata tikiti ya gari. Mama alikwenda tu chumbani, nikasikia bawaba za lile sanduku. Nikaketi. Eda ikaisha nimeketi.

Nilikwenda Morogoro mwezi wa tano, na wakati huo ilibidi kuposa upya na kuoa upya. Mama yako alitoka barazani kwa kaka yake, akanipa kiti, akauliza habari zako. Mara tatu aliniuliza kama unalala vizuri. Kisha akasema, "Nikirudi, narudi kwako au kwa mama yako?" Nikaanza kuikunja kofia yangu. "Basi ukilipata jibu, njoo." Sikulipata kwa wakati. Baadaye aliolewa na seremala, mtu mwema. Una wadogo wawili wa kiume huko, hujapata kuwaona.

Sasa lile ambalo ni dogo lakini linanichoma kuliko yote. Yale magauni yako ya Idi, yale ambayo wenzako walikuonea gere, mwaka huu ya maua, mwaka ujao ya mistari. Kila Idi ulinipigia magoti ukasema, "Ahsante baba." Kitambaa hakikuwa changu, Tausi. Kilikuwa kinatoka kwa mama yako, kila mwaka, kimefungwa kwenye gazeti, mkononi mwa mtu yeyote aliyekuwa anashuka Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza bibi yako alikirudisha. Tangu hapo nikawa nakipokea mimi kwa siri. Niliogopa kukwambia, usije ukalitaja jina mbele ya bibi yako na sanda ikatandikwa. Kwa hiyo mimi nilishona, na shukrani nikazipokea mimi. Nimekuibia mama mara moja, kisha nikawa nakuibia kila Idi.

Utaniuliza, basi lini ulizinduka? Sikuzinduka kwa siku moja. Ulikuwa na miaka minane na ushee ulipomwambia mtoto wa mpangaji, mnacheza kidali uani, "Usiende, ukienda nitakufa." Ulisema kwa sauti ile ile ya bibi yako, na mikono umeinyoosha ubavuni. Watu wakacheka. Mimi nilisimamisha cherehani. Wiki ile ile nikatafuta chumba hapa Mtaa wa Sikukuu, kile chumba kimoja mtaa wa pili ambacho mama yako alikiomba. Sanda ikatandikwa, bila shaka. Kabla ya kuhama nilikwenda kwa sheikh, nikamwambia, mama yangu hanipi radhi, nifanyeje? Akasema, "Fundi, umeamrishwa kumtendea mama yako wema. Hukuamrishwa kumdhulumu mtu mwingine ili yeye acheke." Nilibeba cherehani kichwani nikahama, na mama amelala juu ya bafta. Alikaa hapo siku mbili. Ya tatu nilipokwenda nilimkuta anakaanga vitumbua, akanigombeza kwa nini nimekonda.

Tangu siku ile nina namna yangu, na umeiona bila kujua ni namna. Nakwenda kwake kila siku baada ya swala ya alasiri. Nikisema nitakuja, nakuja, hata mvua inyeshe, maana mtu aliyeachwa kisimani anahesabu. Akianza kutukana nasema, "Nimesikia, mama. Nitakuja kesho," naondoka kabla sijakasirika, na kesho narudi kweli. Simbishii alichosema jana. Simweleweshi, maana maelezo yangu yote yaligeuka kuni kwenye moto wake. Simpi ahadi kwa sababu ya machozi. Na nimeacha kungoja siku atakayoniambia, Selemani, nilikukosea. Kuacha kungoja kuliniuma zaidi ya kuhama. Kuna siku bado najikuta nangoja, hasa akiwa katika siku zake nzuri, akiniwekea kipande cha samaki anachojua nakipenda.

Lakini hata hapo nilikosea tena, na mara hii nilikukosea wewe. Kulikuwa na siku nilichoka. Nikakupa sinia la chakula, una miaka tisa, nikakwambia, "Mpelekee bibi yako, wewe anakupenda." Nilikufanya ngao. Ukajifunza kuusoma uso wake kutoka mlangoni, ukajua siku ya kucheka na siku ya kunyamaza, na watu wakakusifu kwamba una adabu, unajua kukaa na wazee. Mimi nilijua ile si adabu, ni woga. Nimeuvaa mwenyewe miaka mingi, siwezi kuukosea.

Kwa hiyo jana uliposema huendi, sikusikia sauti yako. Nilisikia yangu, ya yule kijana wa Tanga.

Najua unajiuliza nini. Je, kama safari hii ni kweli? Bibi amezeeka, anakohoa. Je, akifa kesho gari likiwa Ruvu? Nami nimejiuliza hayo tangu jana, sikupata usingizi. Siku moja itakuwa kweli, sanda ile si ya mchezo. Ikiwa ni kesho, nitamwosha na kumzika mimi mwanawe, na kama kuna hesabu ya kutoa mbele ya Mungu, nitaitoa mimi. Yeye ni mama yangu, Tausi. Si mtoto wako, wala si mzigo uliozaliwa nao. Wewe mpende, mwandikie barua, ukija likizo kaa naye saa moja, mcheke. Ukiona macho yanabadilika, mwage vizuri utoke, na siku uliyosema utarudi, rudi. Hiyo inatosha. Mimi ilinichukua umri kujua kwamba inatosha.

Na ukiwa huko, siku ukimwona mtu unayempenda anachelewa nusu saa na moyo wako unakwambia amekutupa mkono, keti kwanza. Kunywa maji. Hiyo nayo tumeirithi, kidogo kidogo, wewe na mimi. Mimi nilipohama nilijiona nimeshinda, kumbe nilikuwa nakununia wewe siku mbili nzima ukichelewa kutoka shule. Hukuwahi kunilaumu. Ungenilaumu ningefurahi.

Kuhusu radhi. Ya bibi yako sina uwezo wa kukuchukulia. Ya kwangu unayo, nakupa hapa kwa mkono wangu, na haina sharti. Ukienda unayo, ukibaki unayo. Ukisoma haya ukanikasirikia, ukakaa mwaka mzima hujaniandikia mstari mmoja, unayo. Sikuamrishi kwenda. Nimeamrishwa sana katika maisha yangu, sitaki kukupa urithi huo. Ukibaki, asubuhi nitakwenda posta kupeleka simu, kuna mtu asisimame juani bure. Ukienda, nitalibeba sanduku lako mwenyewe, nitasimama pale stesheni mpaka gari lipotee, na mama yangu nitamwacha juu ya bafta yake. Alasiri nitakwenda kumtazama kama kawaida. Nitachukua samaki.

Nikimaliza barua hii naja kwa bibi yako kukuchukua. Nitaingia, nitamwamkia, kisha nitasema, "Tausi, inuka, twende nyumbani." Nilipaswa kuyasema maneno hayo miaka kumi na mmoja iliyopita, mbele ya mlango ule wenye komeo. Atapiga kelele. Utakaposoma haya, natumaini utakuwa umetoka tu.

Bado lile la mtu wa kusimama juani. Gauni lililo juu ya barua hii, lile la maua ya kijani, nalo si kitambaa changu. Mwezi uliopita nilimwandikia mama yako, nikamtajia siku na gari utakalopanda. Jibu lilikuja ndani ya kitambaa. Ameandika kwamba hajui umekuwa mrefu kiasi gani, wala sura umechukua ya nani, na kwenye madirisha ya gari kutakuwa na wasichana wengi. Lakini kitambaa chake atakijua. Atauliza kama nimekwambia ukweli. Mwambie ndiyo, nimechelewa, ila nimekwambia.

Gari likianza kupunguza mwendo kuingia Morogoro, fungua baibui lako, usimame dirishani.

Baba yako,
Selemani